Omondi, Jina la Nyanza na Mabao ya Kampala

Mashabiki wa kandanda wa Lodwar hawatofautiani na wenzao wa kwingineko nchini. Ukiwakuta wawili wamejipumzisha chini ya mkoma wakati wa jua kali, hutakawia kuwasikia wakibishana kuhusu mfungaji aliyewapita wote. Wa Gor Mahia humtaja Peter Dawo, ambaye mabao yake yalichangia pakubwa klabu hiyo kutwaa Kombe la Washindi barani Afrika mwaka 1987. Wa AFC Leopards humrudia Joe Kadenge, ambaye redio ililifanya jina lake kuwa msemo hata kwa watu wasiowahi kukanyaga uwanja wa michezo. Mimi ni wa kikundi kidogo mno, ambacho wakati mwingine huchekwa, kwa kuwa klabu yetu si ya Kenya. Ni KCC ya Kampala, na mfungaji wetu ni Phillip Omondi, aliyefariki tarehe 17 Aprili 1999.

Wanafunzi wangu hushangaa. Iweje mtu wa Turkana, ambaye hakuwa amezaliwa wakati Omondi alipokuwa katika kilele cha uchezaji wake, awe shabiki wake? Jibu ni fupi. Katika miaka ya 1970 walimu wengi wa Uganda waliikimbia serikali ya Idi Amin wakaja kufundisha katika shule za Kenya, na baadhi yao wakafika hata huku kaskazini, ambako walimu wa nchini wenyewe walikuwa wakisitasita kuja. Mmoja wao alimfunza mjomba wangu hisabati. Mwalimu huyo alikuwa na redio ndogo iliyonasa mawimbi ya Kampala usiku, na baada ya masomo ya jioni aliwaruhusu wanafunzi wasikilize matokeo ya ligi. Mjomba hakuambulia mengi katika hisabati, lakini alitoka shuleni akiwa na klabu, na mapenzi ya klabu hurithiwa kama mifugo. Kwa hivyo ninayoyasimulia hapa si ya macho yangu. Ni ya masikio, nami nimeyalinganisha na kumbukumbu za michezo zilizoandikwa.

Nianze na jina, kwani ndiyo kazi inayonipatia riziki. Omondi ni jina la Kijaluo apewalo mtoto wa kiume aliyezaliwa alfajiri. Wa kike huitwa Amondi. Wajaluo, kama tujuavyo, huwapa watoto majina kwa kufuata saa au hali ya kuzaliwa: Otieno ni wa usiku, Ochieng' ni wa jua likiwaka, Okoth ni wa mvua. Msomaji wa Lodwar ataona mara moja kwamba jambo hili si geni kwake. Okoth wa Kisumu na Ekiru wa Turkana ni majina pacha, kwa maana Ekiru naye huzaliwa mvua inaponyesha, na dada yake akawa Akiru. Lugha hizi mbili zimetengana kwa karne nyingi hata wasemaji wake hawaelewani kamwe, lakini zote ni za Kiniloti, na mazoea ya kumfungamanisha mtoto na mbingu za siku yake yangali yanafanana. Nalitaja hili mapema kwa sababu jina la Omondi ndilo lililoyafanya maisha yake yawe zaidi ya hesabu ya mabao. Mganda mashuhuri kuliko wote katika kandanda alikuwa na jina ambalo, likiitwa katika kituo chochote cha mabasi cha Kenya, hakuna ambaye angedhani ni la Mganda.

Alizaliwa mwaka 1957. Kampala ya wakati huo ilikuwa mji wa vibarua waliotoka kila upande. Wakoloni walikuwa wamejenga mitaa ya wafanyakazi Waafrika huko Naguru na Nakawa, na reli ilikuwa na nyumba zake Nsambya. Humo waliishi makarani, makuli, askari na mafundi: Wajaluo na Waluhya kutoka Kenya, Waacholi na Walango kutoka kaskazini mwa Uganda, Wanyarwanda na wengineo. Kiswahili, ambacho Waganda wenyeji hawakukipenda sana, kilikuwa lugha ya mitaa hiyo. Watoto walikichanganya na Kiganda na lugha za nyumbani kwao, wakachezea mpira wa matambara kwenye nafasi iliyobaki baina ya nyumba na nyumba. Omondi alikuwa mtoto wa Kampala hiyo.

Haikuwa Kampala ya raha nyakati zote. Mwaka 1970 serikali ya Milton Obote iliamuru wafanyakazi wa Kenya waondoke nchini, na maelfu ya watu, wengi wao Wajaluo, walifunga virago na kuvuka mpaka kuingia nchi ambayo watoto wao hawakuwahi kuiona. Omondi alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu hivi. Watoto wangapi wenye vipaji kama chake walipandishwa katika magari ya mwaka ule, wakaenda kusahauliwa katika vijiji vya mababu zao? Hakuna aliyewahesabu, na kandanda ya Uganda haikuwahi kuwadai.

Klabu iliyomlea iliundwa mwaka 1963, na asili yake huwafanya watu watabasamu. Samuel Wamala, aliyekuwa mkuu wa idara ya maji taka katika Baraza la Jiji la Kampala, aliwakusanya wafanyakazi wa idara yake wapate burudani baada ya kazi. Naam, timu iliyokuja kuwa fahari ya jiji ilianzishwa na watu wa mitaro na mabomba. Baadaye idara nyingine zikajiunga, klabu ikapanda daraja, na katika miaka ya 1970 ikawa chini ya malezi ya Jaberi Bidandi Ssali, ambaye wasomaji wengi humjua zaidi kama waziri wa miaka ya baadaye kuliko kama mtu wa viatu vya michezo. Omondi aliingia humo angali kijana mdogo.

Hapa inafaa tuilinganishe Kampala na Nairobi, ingawa ulinganisho huu hautupendezi sisi Wakenya. Nairobi ya miaka hiyo ilikuwa na Luo Union na Abaluhya, na shabiki alijua aketi upande gani wa uwanja kabla hata ya kununua tikiti, kwa maana alizaliwa huko. Ilibidi ifike mwaka 1980 ndipo serikali iagize majina ya kikabila yafutwe, Luo Union ikawa Re-Union na Abaluhya ikawa AFC Leopards. Jina lilibadilishwa, jukwaa halikubadilika. Kampala nayo ilikuwa na timu ya baraza la jiji, timu ya polisi, timu ya magereza, timu ya jeshi, timu ya kahawa. Sisemi kwamba Waganda walikuwa malaika, kwa sababu siasa yao ya miaka hiyo ilikuwa ya umwagaji damu kuliko yetu. Nasema tu kwamba mtoto aliyeitwa Omondi, ambaye Nairobi angepelekwa moja kwa moja Luo Union au Gor Mahia, Kampala alichukuliwa na timu ya baraza kwa kuwa aliujua mpira.

Na aliujua kweli. Wazee waliomwona wanakubaliana kuwa hakuwa mshambulizi wa kusubiri karibu na lango ili asukumiwe pasi ya mwisho. Alipenda kuufuata mpira nyuma, kuuchukua mwenyewe, kuwapita mabeki wawili watatu, kisha kufunga kwa utulivu kana kwamba hana haraka. Mjomba wangu, ambaye hakumwona hata yeye, huueleza mtindo huo kwa kunyanyuka kitini na kuonyesha, na mimi humwamini kwa sababu maelezo yake hayajabadilika kwa miaka thelathini. KCC ilitwaa ubingwa wa ligi mwaka 1976 na tena mwaka 1977.

Tuutazame mwaka huo wa 1976, kwa kuwa ndio unaonitia mawazo. Mnamo Februari Idi Amin alidai kwamba sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya ilikuwa ardhi ya Uganda. Mwezi Julai makomando wa Israeli walivamia uwanja wa ndege wa Entebbe kuwaokoa mateka, Kenya ikatuhumiwa kuwasaidia, na Wakenya waliokuwa wakiishi Uganda wakawindwa na kuuawa kwa mamia. Katika mwaka huo, katika mji huo, umati wa watu ulijaa uwanjani Jumamosi baada ya Jumamosi ukaliimba jina la Kijaluo. Sijui neno linalofaa kuliita jambo hilo. Ujasiri haumhusu mtu aliyekuwa akicheza mpira tu, na ajabu ni neno jepesi mno.

Timu ya taifa ya Uganda, ambayo watu huiita Korongo, ilikuwa imekwisha kuitawala Afrika Mashariki na Kati. Ilitwaa kombe la eneo hili mwaka 1976 kule Zanzibar na mwaka 1977 kule Mogadishu. Barani, hata hivyo, ilikuwa bado ni ya kuhurumiwa. Katika Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 1976 nchini Ethiopia ilicheza mechi tatu na kushindwa zote. Ndiyo maana mwezi Machi 1978, ilipokwenda Ghana ikiongozwa na mkufunzi Peter Okee na nahodha Jimmy Kirunda, hakuna aliyeitabiria makuu.

Ilianza kwa kuifunga Kongo ya Brazzaville mabao 3-1. Ikafungwa na Tunisia kwa idadi iyo hiyo. Kisha ikakutana na Morocco, mabingwa watetezi, ikawashindilia mabao 3-0 na kuwatoa mashindanoni. Katika nusu fainali, mjini Kumasi, ilikabiliana na Nigeria ya Segun Odegbami na Christian Chukwu. Abdulla Nasur alifunga mapema, Nigeria ikasawazisha katika kipindi cha pili, na dakika chache tu baadaye Omondi akapachika bao la ushindi. Uganda ikaingia fainali kwa mara ya kwanza, na hadi hivi leo haijaingia tena.

Fainali ilichezwa Accra tarehe 16 Machi. Ghana ilikuwa nyumbani, na Opoku Afriyie alifunga mabao yote mawili yaliyowapa wenyeji kombe lao la tatu, wakaruhusiwa kubaki nalo daima. Omondi hakufunga siku hiyo. Hata hivyo alirudi nyumbani akiwa mmoja wa wafungaji bora watatu wa mashindano, yeye, Odegbami na Afriyie, kila mmoja akiwa na mabao matatu. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na mmoja au chini yake. Mwaka huohuo KCC ilitwaa ubingwa wa vilabu vya Afrika Mashariki na Kati, taji ambalo Luo Union ya Kenya ilikuwa imelitwaa miaka miwili mfululizo. Iliishinda Simba ya Dar es Salaam kwa mikwaju ya penalti, ikawa klabu ya kwanza ya Uganda kulinyakua.

Mtu angetarajia kwamba kutoka hapo njia ingekuwa nyeupe. Lakini mwezi Oktoba majeshi ya Amin yaliingia Kagera, Tanzania ikajibu, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Kikosi kile cha Accra kilitawanyika. Baadhi ya wachezaji walivuka kuja Kenya, wengine wakaelekea Uarabuni ambako mafuta yalikuwa yameanza kulipia mpira. Omondi alikwenda Sharjah, katika Falme za Kiarabu, akatumia huko miaka ambayo huwa bora zaidi kwa mshambulizi. Wakati huo hapakuwa na setilaiti ya kutuletea mechi za huko sebuleni, kwa hivyo mabao yake ya Sharjah ni kama hayakuwahi kufungwa. Alirejea KCC katika miaka ya 1980, akacheza tena, kisha akageukia ufunzaji. Alifariki kabla ya kutimiza umri ambao wenzake wa Ulaya huanza kuandika vitabu vya maisha yao.

Sasa naomba ruhusa nirudi Lodwar, kwa sababu kuna jambo moja la ramani ambalo walimu wa historia hulijua lakini walimu wa michezo hulisahau. Hadi mwaka 1902 eneo la Kisumu na Nyanza lilikuwa sehemu ya Uganda. Waingereza ndio waliolihamisha kwa kalamu likawa upande wa pili. Hadi tarehe 1 Februari 1926, sehemu kubwa ya nchi ya Waturkana, iliyoitwa Mkoa wa Rudolf, nayo ilikuwa Uganda. Ikahamishwa vivyo hivyo, mbuzi wakiwa malishoni na wenyewe hawana habari. Mtu angeweza kuwa Mganda asubuhi na mtu wa Kenya jioni bila kunyanyuka alipoketi.

Tarehe hiyo ya 1926 haikufa. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inaitaja kama kipimo: njia mojawapo ya kuhesabiwa raia wa kuzaliwa ni kuwa na mzazi au babu wa jamii zilizokuwamo ndani ya mipaka ya Uganda siku ile, na orodha ya jamii hizo imeambatishwa. Wakaramojong wamo, na sisi ambao lugha yetu husikilizana na yao kiasi cha kununuliana mifugo bila mkalimani hatumo. Wajaluo wa Nyanza hawamo. Omondi alifunga mabao yake kabla orodha hiyo haijaandikwa, na aliyeiandika hakuwa na kandanda akilini. Lakini kila ninapoisoma darasani, ninapowafunza wanafunzi jinsi majina ya makabila yanavyopata nguvu ya kisheria, mfungaji bora wa Uganda wa mwaka 1978 hunijia kichwani bila kuitwa.

Kutoka Lodwar hadi Kakuma ni mwendo wa kilomita mia moja na ushei kuelekea kaskazini magharibi. Kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa huko mwaka 1992 ili kuwapokea vijana waliotoroka vita vya Sudan imekuwa mji. Wamo watu wa Sudan Kusini, Somalia, Kongo, Burundi, Ethiopia, na Uganda yenyewe. Kandanda huchezwa jioni, vumbi likiwa limesimama angani kama ukuta, na Kiswahili ndicho lugha ya kuombea pasi, kama ilivyokuwa katika mitaa ya wafanyakazi wa Kampala. Kijana aliyezaliwa humo ana lafudhi ya Turkana, ameketi katika mitihani ya Kenya, na hajawahi kuiona nchi iliyoandikwa kwenye karatasi za wazazi wake. Katiba yetu ya mwaka 2010 humpa uraia wa kuzaliwa yule ambaye mama au baba yake ni raia. Mahali alipozaliwa pekee hapamsaidii.

Awer Mabil alizaliwa Kakuma mwaka 1995. Familia yake ilihamia Australia mwaka 2006. Tarehe 13 Juni 2022, mjini Doha, ndiye aliyefunga mkwaju wa mwisho wa Australia katika penalti dhidi ya Peru, na nchi hiyo ikafuzu kwa Kombe la Dunia. Siku zilizofuata nilisikia watu wazima wa Lodwar wakijivuna kwamba kijana wetu ameipeleka Australia Qatar. Nilifurahi nao. Lakini nilijiuliza: lau angebaki, na lau angetaka kuichezea Harambee Stars, ofisi gani ingempokea faili lake, na ingemwambia aje lini? Kampala ya miaka ya 1970, pamoja na uovu wote wa utawala wake, ilikuwa na jibu kwa kijana wa aina hiyo: ilimpa jezi. Kuna wengine wa rika lake wanaocheza Kakuma jioni ya leo, na walimu wa michezo wa Turkana wanawajua kwa majina.

Uwanja wa KCC ulioko Lugogo uliitwa kwa jina la Phillip Omondi. Mwaka 2017, klabu ikiwa imekwisha kubadili jina kuwa KCCA baada ya baraza kugeuzwa kuwa mamlaka ya jiji, uwanja ulipewa jina la kampuni ya televisheni iliyotoa fedha, na la Omondi likaondoka. Miaka michache baadaye kampuni ya simu ilichukua nafasi hiyo, nayo ikaona vyema jina la zamani lirudi; hivyo huitwa sasa MTN Omondi, kampuni mbele na marehemu nyuma.

Mwaka huohuo wa 2017 Uganda ilirejea katika Kombe la Mataifa ya Afrika, nchini Gabon, baada ya miaka thelathini na tisa. Ilifungwa na Ghana, ikafungwa na Misri, na katika mechi ya mwisho dhidi ya Mali, tarehe 25 Januari, Farouk Miya akaupiga mpira ukatinga wavuni. Mali ilisawazisha upesi. Lakini kabla ya bao hilo la Miya, la mwisho ambalo Uganda ilikuwa imefunga katika mashindano hayo lilikuwa lile la Kumasi, la mwaka 1978, la Omondi.